Tuache Kumwita Mtoto Mteuzi

Mchagua nazi hupata koroma. Methali hii tulifundishwa mwaka wa kwanza, tukaiandika daftarini, ingawa wengi wetu tuliotoka Busoga na Bugisu hatujawahi kuuona mnazi. Maana yake tuliielewa haraka, kwa sababu nyumbani kwetu yupo mtu anayesimangwa kwa maneno ya namna hiyo kila jioni. Ana umri wa miaka mitatu au minne, amekaa mkekani mbele ya sahani, amefumba mdomo. "Huyu anachagua sana." "Huyu anajiona mzungu." "Mwacheni, njaa itamfunza." Ninaandika makala haya kumtetea. Ninadai kwamba mtoto tunayemwita mteuzi hajateua chochote. Walioteua ni watu wazima wanaomzunguka, nami nimo, kisha tukamtwika yeye lawama.

Najua wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajitie katika sufuria za watu badala ya kuandika juu ya ngeli au riwaya. Wavumilie kidogo. Lugha imo ndani ya kosa lenyewe, na nitalionyesha hilo mbele.

Nianze na ulimi wangu mwenyewe. Nilipokuja Mbale kusoma nilipanga chumba Namakwekwe kwa mama mmoja Mgisu. Jumamosi ya kwanza alinikaribisha malewa. Kwa msomaji asiyeyajua, malewa ni machipukizi ya mianzi yanayochumwa katika misitu ya Mlima Elgon, hukaushwa kwa moshi, kisha huchemshwa na kupikwa kwa karanga zilizosagwa. Kwa Mgisu hicho ni chakula cha heshima. Mgeni akipewa, ajue amependwa. Kwangu mimi, Msoga wa Jinja, yalikuwa nyuzi za mkeka zilizochovywa katika karanga, zikinuka moshi wa kuni na kuacha uchungu kooni. Nilimeza matonge mawili kwa adabu nikasema nimeshiba. Kando yangu mtoto wake wa mwisho, ambaye hata kusema vizuri alikuwa bado, alikuwa akiyavuta malewa yaleyale kwa vidole viwili na kulamba mchuzi kwenye kiganja.

Hakuna aliyeniita mteuzi. Mama yule alicheka akasema, "Mwanangu, utazoea." Akaniwekea kidogo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, pembeni mwa matoke ambayo nilikuwa nikiyapenda tangu zamani. Nilipoacha, aliyala mwingine na mazungumzo yakaendelea. Hakunisimamia mtu na fimbo, wala sikuahidiwa soda nikimaliza. Kabla mwaka haujaisha nilijikuta sokoni Mbale nikinunua malewa kwa pesa zangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nina akili timamu, nimesoma kwamba chakula kipya hakiui, na bado ulimi wangu ulihitaji miezi. Sasa tunamtaka mtoto wa miaka mitatu aupende mchicha usiku mmoja.

Tuvuke twende Jinja. Kaka yangu anaishi Walukuba na mkewe na watoto wawili. Wa pili, mvulana wa miaka minne, ndiye "mteuzi" wa ukoo. Orodha ya vitu alivyokuwa akivila ilikuwa fupi: wali mkavu, chapati, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, biskuti, na zile punje ngumu za unga uliokaangwa tunazoziita dadizi. Majani ya aina yoyote aliyatema. Maharagwe aliyatema. Mukene, yaani dagaa wetu wa ziwani, hata kwenye sahani hakutaka waguse wali wake. Mwaka jana alianza kuchoka ovyo, akawa analala mchana kutwa, viganja vikapauka. Alipopelekwa kupimwa ikaonekana damu yake ni kidogo. Akapewa dawa ya madini ya chuma, na wifi yangu akaambiwa maneno mawili: mlishe vizuri.

Mlishe vizuri! Kana kwamba wifi alikuwa akimlisha vibaya kwa makusudi. Alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyerudi na hukumu. Bibi yetu akasema wake za siku hizi hawajui kupika. Kaka, ambaye hajawahi kumlisha mtoto huyo hata kijiko kimoja, alikata kijiti cha mpera akakilaza kando ya sahani. Nilikuwepo. Nilimwona mtoto ameyashikilia maharagwe shavuni kama nusu saa, machozi yakimtoka bila sauti, kijiti kikimtazama. Mwishowe aliyameza. Kisha akatapika yote, pamoja na wali aliokuwa ameupenda. Tangu siku hiyo hata harufu ya maharagwe yanayochemka ilimtoa chumbani. Kijiti kilichokusudiwa kumfundisha kula maharagwe kilimfundisha kuyaogopa.

Na mimi je? Mimi ndiye shangazi, "Senga" kama anavyoniita, niliyekuwa nikishuka kwenye teksi kila likizo na mfuko wa biskuti. Ni mila yetu kwamba mgeni haji mikono mitupu, na mwanafunzi asiye na pesa hununua kitu cha bei ndogo chenye karatasi inayong'aa. Mtoto akanijua kwa biskuti hizo kabla ya kunijua kwa jina. Jioni yuleyule niliyemshibisha saa kumi nikashangaa pamoja na wengine kwamba hataki kula saa moja. Nikamwita mteuzi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leann Birch, alifanya kazi na watoto wadogo tangu miaka ya 1980, na alichokiona kinafanana sana na malewa yangu: mtoto wa miaka miwili hukikataa chakula kipya, lakini akionjeshwa kidogo mara kwa mara, mara nane, mara kumi, pengine kumi na tano, hukipokea. Kukionja ndiko kunakomzoesha. Kukiona tu sahani ikipita hakutoshi, na kulazimishwa hakumo kabisa. Wazazi wengi huacha baada ya mara ya tatu na kutangaza: huyu hapendi. Birch na wenzake waliona jambo jingine pia, ambalo linanichoma mimi na biskuti zangu. Watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kinywaji hicho pungufu kuliko mwanzo. Ukimwambia mtoto "maliza mchicha nikupe peremende," umemfahamisha mambo mawili: kwamba mchicha ni adhabu, na kwamba peremende ni ushindi. Yeye si mjinga. Ameelewa.

Hofu ya chakula kipya ni ya kawaida kati ya miaka miwili na sita hivi. Ni umri ambao mtoto ameanza kutembea peke yake na anaweza kuokota chochote njiani. Ulimi unaokataa uchungu na kitu usichokijua ulimlinda asile majani ya sumu. Ulinzi huo hauwezi kutofautisha nakati na mtunguja. Sisi ndio wa kuutuliza, na hautulizwi kwa kijiti.

Lakini sitaki kulifanya jambo hili lote kuwa hofu, maana wakati mwingine mtoto anakataa kwa sababu ana haki. Nitoe mfano wa mukene. Wanaojua Masese, pale Jinja, wanajua namna wanavyoanikwa: wengi hutandazwa juu ya mchanga mtupu ufukoni, jua likapiga, kisha wakazolewa na kutiwa guniani. Ukiwapika bila kuwaosha kwa maji mengi ya moto mara kadhaa, unakula samaki na ufuko wake. Mtu mzima hutafuna polepole, akasukuma mchanga kwa maji. Mtoto hutema. Siku moja nilimwuliza mpwa wangu, bila kumkemea, mukene wana nini. Akajibu, "Senga, wana mawe." Miaka miwili nyumba nzima ilimwita mteuzi, kumbe alikuwa shahidi. Tuliwaosha, tukawapepeta, tukawakaanga wakavu kwenye sufuria, tukawatoa vichwa, tukawatwanga hadi unga. Kijiko kimoja cha unga huo kilitiwa katika mchuzi wa karanga. Hakuona jiwe.

Hapa nina ugomvi mwingine. Samaki huyo mdogo huliwa na mifupa yake yote, ana protini na madini ambayo mtoto wa Busoga anayahitaji sana, na tunavuliwa mlangoni. Sehemu kubwa yake hupelekwa viwandani kusagwa kuwa chakula cha kuku. Sangara mkubwa minofu yake hupanda ndege kwenda Ulaya. Kwa hiyo kuku wa mjini anakula mukene, Mzungu anakula sangara, na mtoto wa Walukuba anakunywa chai na biskuti. Nani amechagua hapo?

Sasa nirudi kwenye lugha kama nilivyoahidi. Katika Luganda, lugha inayosikika kila pembe ya Jinja, chakula hugawanywa mara mbili: kuna emmere, ambayo ni ndizi, kiazi, muhogo au posho, na kuna enva, kinachosindikiza. Emmere ndiyo chakula. Enva ni cha kuteremshia. Kiswahili nacho kina mgawanyo wa karibu: mtu wa Tanzania akiuliza "leo mboga ni nini?" anaweza kujibiwa nyama, samaki, maharagwe au mchicha, vyote ni mboga, yaani vyote ni wasindikizaji. Sidharau hekima ya lugha zetu. Nasema tu kwamba mgawanyo huu unatufanya tuwe vipofu. Uliza katika nyumba yoyote, "Mtoto amekula?" Utajibiwa, "Amekula." Amekula nini? Wali. Ulimi wetu umeridhika, kwa sababu emmere imeingia tumboni. Protini, madini na vitamini, karibu vyote vilivyokuwa katika enva, vimebaki sahanini na kumwagiwa mbwa. Jioni ya pili ni vivyo hivyo, hadi viganja vinapauka. Tulio wanafunzi wa lugha tungeweza kuanza hapa, bila fedha wala semina: tuache kuuliza "amekula?" tuulize "amekula na nini?"

Shule nayo haijatusaidia. Kila aliyesoma msingi Uganda aliimba makundi ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Tuliyaimba kwa Kiingereza, tukapata alama, kisha kengele ikalia tukakimbilia lango la shule kununua peremende, barafu ya rangi na kabalagala. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikasema wazi kwamba kumlisha mwanafunzi ni wajibu wa mzazi. Mzazi asiye na cha kufunga asubuhi humpa mtoto sarafu ya shilingi 500. Sarafu hiyo, mikononi mwa mtoto wa miaka sita, langoni kwa muuza peremende, ndiyo hasa tunayoiita "tabia ya kuchagua".

Pingamizi kubwa ninalolisikia, na ninaliheshimu, ni hili: katika nchi ambayo watoto wengine hawana chakula kabisa, kuzungumzia mtoto anayechagua ni mchezo wa wenye nacho. Wenzangu wa darasani waliniambia hivyo nilipotaja mada hii. Nawajibu kwanza kwa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano wamepungukiwa damu, asilimia 53. Huku Bugisu, ambako ardhi hustawisha ndizi, kahawa, karanga na maharagwe mpaka tunauzia wengine, waliodumaa walikuwa zaidi ya mmoja kati ya watatu. Nyumba hizo zote hazikuwa na sufuria tupu. Nyingi zilikuwa na sufuria iliyojaa kitu kimoja.

Pili, wanakosea wanaposema maskini hana mtoto mteuzi. Maskini ndiye anayeumia zaidi. Ukiwa na uwezo, utaweka karoti mbele ya mtoto mara kumi, atazitupa mara tisa, nawe hutalala njaa. Mwanasosholojia Caitlin Daniel aliwachunguza wazazi wa Boston na mwaka 2016 akaandika jambo ambalo mama yeyote wa Masese angemwambia bure: wazazi wenye kipato kidogo huogopa kumjaribishia mtoto chakula kipya kwa sababu kikitupwa, fedha imetupwa. Hununua kile walicho na hakika atakila. Wifi yangu alifanya hivyohivyo. Yai moja akilitema ni yai moja limepotea. Biskuti haitemwi. Kwa hesabu ya siku moja wifi alikuwa sahihi; hesabu ya mwaka ndiyo iliyotoka kwenye kipimo cha damu.

Na hapa ndipo mama yule wa Namakwekwe anapowashinda wataalamu wote. Mtoto wake hakupewa sahani yake ya malewa. Alikula katika sinia moja na wakubwa, akachomoa uzi mmoja, akautema, akachomoa mwingine. Hakuna kilichopotea kwa sababu hakuna kilichokuwa chake peke yake. Kuonjeshwa mara kumi na tano kunakotajwa vitabuni humfikia kwa gharama ya matone ya mchuzi. Sisi tunaojiona tumeendelea tumemnunulia mtoto sahani yake ya plastiki yenye picha, tukampikia chake kando "kwa sababu hali vyetu", halafu tunashangaa kwamba havijui vyetu. Naomba nieleweke: mikono ioshwe, na mtoto mdogo asogezewe kitoweo upande wake, kwa sababu katika sinia mwenye mkono mrefu humaliza samaki. Lakini aketi nasi.

Wapo wengine wanaoshika upande wa pili kabisa, na hawa utawakuta zaidi kati yetu wasomi: mwache mtoto, mwili wake unajua unachohitaji. Wanamtaja Clara Davis, daktari aliyewapa watoto wachanga uhuru wa kujichagulia chakula katika miaka ya 1920 na 1930, wakakua vizuri. Ni kweli walikua vizuri. Lakini tusome hadi mwisho. Trei ya Davis ilikuwa na vyakula zaidi ya 30, nyama, mayai, matunda, mboga, nafaka, maziwa, vyote vya asili, bila kuchanganywa, na sukari haikuwemo. Mtoto alichagua ndani ya uchaguzi uliokwisha kufanywa na mtu mzima mwenye akili. Weka biskuti moja juu ya trei ile uone uhuru utakavyoishia.

Kuhusu sukari, sisi Wasoga tunayo historia yetu. Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari Kakira mwaka 1930, na tangu hapo miwa imezidi kutambaa. Siku hizi unaweza kusafiri mwendo mrefu ndani ya Busoga ukiona miwa kulia na miwa kushoto, hadi ukutani mwa nyumba. Mahali palipokuwa na viazi, karanga, kunde na mboga za majani za bibi pamekodishwa. Pesa ya miwa huja mara moja baada ya mwaka na nusu hivi, huishia ada na deni, na kati yake jiko linategemea duka. Duka linauza nini? Mchele, ngano, majani ya chai na sukari. Mtoto wa nyumba hiyo akiamka anapewa chai nzito yenye sukari. Chai ikinywewa pamoja na mlo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani; na vikombe viwili vya chai ya maziwa hulijaza tumbo ambalo si kubwa kuliko ngumi yake. Mpwa wangu alikuwa akinywa vitatu au vinne kwa siku. Hakuwa amechagua. Alikuwa ameshiba.

Na wale wanaosema "zamani hakukuwa na watoto wa kuchagua" wamesahau kwamba zamani kulikuwa na jamii nzima ya kuchagua, ila waliochagua walikuwa wanaume. Wanawake wa Buganda na Busoga walikatazwa kula kuku na mayai. Bibi yangu mpaka leo akisikia harufu ya mayai hukunja uso. Anasema yanamtia kichefuchefu. Hakuzaliwa na kichefuchefu hicho. Kilipandwa na watu wazima alipokuwa msichana mdogo, kikaota mizizi, kikawa "ladha yake". Kama ulimi unaweza kufundishwa kuchukia yai kwa maisha yote, mnadhani ni kazi ngumu kiasi gani kuufundisha upende dodo? Hatujaribu, na tunawafundisha watoto kinyume chake. Mchicha na dodo tunaziita mboga za shida, za siku ambayo hakuna pesa ya nyama. Mtoto ana masikio. Akisikia baba anauliza kwa uchungu "leo tena majani?", somo limekwisha.

Elimu haikosekani katika nchi hii. Mulago wana kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, ambacho kimewafundisha akina mama kwa miongo kadhaa kupika kitobero: ndizi au kiazi, maharagwe au karanga, samaki au yai, na majani, vyote vimefungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Chakula ni kilekile cha nyumbani, ila emmere na enva zimeozeshwa ndoa na mtoto hawezi kuzitaliki. Kamuli, ndani ya Busoga yetu, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopelekewa viazi vitamu vya rangi ya chungwa kuanzia mwaka 2007, na watoto walivipokea, kwa sababu ni vitamu na vina rangi, wakapata vitamini A bila kufukuzwa na kijiko. Mganda mwenzetu Robert Mwanga, aliyeshughulikia mbegu za viazi hivyo, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Nenda soko kuu la Jinja ukaviulize. Utavipata, lakini kwanza utaonyeshwa vyeupe.

Nyumbani Walukuba hatukufanya muujiza. Kijiti cha mpera wifi alikitia sigirini mwenyewe, siku ambayo kaka hayupo. Chai ilihamishwa: sasa inanywewa asubuhi tu, kikombe kimoja. Biskuti hazipo nyumbani, na kisichokuwepo hakiliwi. Kwa maharagwe tulitumia hila ya wanafunzi. Kila anayesoma makala haya anakijua kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, chakula kinachotuvusha muhula mzima. Mpwa wangu anapenda chapati. Wifi aliponda kijiko cha maharagwe na nyanya akakisiliba ndani ya chapati, akaikunja kama roleksi, ile ambayo sisi Wasoga tunadai ni uvumbuzi wetu. Mara ya kwanza aliifungua akalamba upande mkavu. Mara ya nne au ya tano alikula nusu. Sasa anaila, akiwa na hali nzuri. Siku nyingine anairudisha, na hakuna anayesema neno. Unga wa mukene unaendelea katika karanga. Majani bado. Machungwa na maembe hakuwa na ugomvi nayo tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpa wakati wa chakula, ingawa tunda lenye vitamini C huusaidia mwili kupata madini yaliyomo katika maharagwe. Kipimo cha damu kimepanda, na sitajifanya kwamba ni chapati peke yake. Dawa nayo ilifanya kazi yake.

Kaka hajaridhika. Anasema tunamdekeza. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe anakula entula, nyanya chungu zetu. Akanitazama. Wifi akacheka mpaka akaweka mwiko chini, kwa sababu katika miaka saba ya ndoa hajawahi kuzipika.

Likizo ya Desemba sikununua biskuti. Nilishuka kwenye teksi na fungu la malewa kutoka Mbale, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Mtoto alipekua mfuko, akatafuta karatasi inayong'aa, hakuiona, akanuna. Jioni tuliyapika kwa karanga, tukaketi wote mkekani kuzunguka sinia moja. Alichomoa uzi mmoja, akaunusa, akauweka kwenye ncha ya ulimi. "Senga, linanuka moshi," akasema, akalitema kwenye kiganja cha mama yake. Nikamwambia ni kweli, linanuka moshi. Kisha nikaendelea kula. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.